Alama ya Kuuliza Durban

Mwaka 1973 Zubeida Seedat aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Natal tasnifu juu ya Wazanzibari wa Durban, na jina hilo akalitamka katika anwani bila kusitasita. Mwaka 2014 Preben Kaarsholm aliirejea jamii ileile kwa swali: Wazanzibari au Wamakua? Wapo watakaoiona alama hiyo ya kuuliza kuwa unyonge wa kalamu. Siioni hivyo. Kwamba wengi wa watumwa walioachwa huru na kushushwa Durban kuanzia 1873 walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, hilo halihitaji “huenda” wala “yamkini”. Mwanazuoni anayelifunika kwa tahadhari anajificha tu. Penye utata ni jina. Serikali ya ubaguzi iliwaandikisha kuwa “Waasia wengineo”, wakahamishiwa Chatsworth, mtaa wa Wahindi, badala ya vitongoji vya Waafrika. Uzanzibari ukawa ngao. Basi Kaarsholm ameuliza panapostahili kuulizwa. Kinachonikera ni lile “au”: linatulazimisha kuchagua, ilhali watu wenyewe walijiita Wazanzibari na Kimakua wakakisema nyumbani.