Vuta N'kuvute: Mbona Ndoa Imepita Mbio?

Niliitazama Vuta N'kuvute hapa Lushoto, ile baridi ya Juni, mimi na shangazi tumejifunika blanketi moja, kompyuta juu ya stuli. Shangazi hajawahi kuisoma riwaya ya Adam Shafi, ila anaijua. Nilipokuwa kidato cha tano nilikuwa namsomea kwa sauti huku akimenya viazi. Kila nikifika kwa Bwana Raza, kisu kilikuwa kinasimama. Naye aliozwa binti mdogo, kwa mtu wa rika la baba yake, akarudi kwao kwa miguu kutoka Mlalo.

Sasa filamu. Amil Shivji aliitoa mwaka 2021, ikafika hadi tamasha la Toronto, na sifa zile ni haki yake. Unguja ya miaka ya 1950 imepigwa picha vizuri mno: vichochoro, giza, jasho la watu. Kiswahili chake ni cha watu, si cha kukariri. Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli, akiwa Mwajuma anaifanya nyumba ya Ng'ambo ipumue.

Lakini kuna jambo. Kwenye kitabu, Yasmin anaishi kwanza ndani ya ndoa ile, anapelekwa Mombasa, anatoroka, kwao wanamkataa. Denge anakuja baadaye, akiwa tayari amepokewa na Mwajuma. Filamu inawakutanisha Yasmin na Denge usiku uleule anaopelekwa kuolewa.

Najua, dakika tisini hazibebi kitabu kizima. Mimi sikulalamikia kukatwa kwa safari. Nililalamikia mpangilio. Denge akitangulia, tunaona msichana anayekimbilia mapenzi. Kitabuni Yasmin anaondoka akiwa hana mtu wa kumkimbilia, na hapo ndipo ujasiri wake ulipo.

Shangazi aliuliza mapema tu: “Mbona ndoa imepita mbio hivi?” Sikuwa na jibu.

Tuna riwaya nyingine zinazongoja kamera. Nawaza Kufikirika ya Shaaban Robert, nchi ya kubuni kabisa. Atakayeithubutu asihangaikie sana kasri na mavazi. Aulize kwanza msomaji alisimamisha kisu wapi.

Itazameni, jamani, inastahili. Shangazi aliitazama hadi mwisho, akasema Mwajuma ndiye mtu. Kisha akaniambia kesho nilete kitabu, tuanzie kwa Raza.