Iowa: ni nani alilipa deni ya ubaguzi?

Wenzangu, mpira ninayosemea hapa haiko ile yetu. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mabega makubwa. Universite ya Iowa peke yake iko na uwanja wa watu karibu 70,000.

Mwezi wa 6 mwaka 2020, kisha kifo cha George Floyd, James Daniels aliyechezea pale aliandika kwenye Twitter kama weusi walikuwa wanatendewa vibaya. Wengine wengi wakafuata. Walisema walilazimishwa kubadilisha nywele, mavazi, hata namna ya kusema, ili wafanane na "mtindo wa Iowa". Na kumbuka: wachezaji walikuwa wamekatazwa kutumia Twitter. Kocha mkuu Kirk Ferentz, aliye pale tangu 1999, aliondoa katazo hiyo.

Universite ikaita wanasheria wa nje. Waliongea na watu zaidi ya 100, wakaandika kama kanuni za timu ziliendeleza ubaguzi. Muzuri sana. Lakini tuangalie nani aliumia.

Chris Doyle, kocha wa mazoezi ya nguvu, alikana kosa. Aliondoka na zaidi ya milioni 1.1 ya dola. Mwezi wa 2 mwaka 2021 Jacksonville Jaguars wakamuajiri, kesho yake akajiuzulu sababu ya kelele. Kuondoka na feza vile, mi siite azabu.

Njo pale nakasirika. Mwaka 2023 kesi ya wachezaji wa zamani ilimalizwa kwa milioni 4.175, na milioni 2 zilitoka kwa kodi za raia. Mama anayeuza nyanya kule Iowa alilipa pia! Mkaguzi wa hesabu wa jimbo, Rob Sand, alipiga kura ya kukataa, akasema Gary Barta, mkuu wa michezo, afukuzwe kwanza. Tayari 2017 universite ililipa milioni 6.5 juu ya kesi ya ubaguzi wa wanawake, chini ya Barta huyu huyu. Sisi watu wa kilimo tunajua: shamba ikigonjwa mara mbili, hauangalie majani tena, unachimba udongo.

Kura ilikuwa 2 kwa 1, feza ikatoka. Barta hakufukuzwa. Mwezi wa 8 akaenda kwa pansheni, na Ferentz akaanza msimu mwingine.