Wajumbe Sita na Mtetezi Mmoja

Msomaji kijana, yamkini umekwisha kuulizwa na mzazi, mjomba au jirani: "Masomo hayo yatakupa kazi gani?" Swali hili si baya. Mkono mtupu haulambwi, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo ana haki ya kuuliza. Tena limekuwa zito zaidi, maana katika mtaala wa umilisi mwanafunzi wa Kenya hutakiwa kuchagua mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu: ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya sayansi za jamii; au ya sanaa na michezo. Aghalabu ile ya kwanza husifiwa kuwa njia ya mkate, na hizo mbili hudharauliwa kama anasa. Kabla hujaikubali hukumu hiyo, nakusihi usome kitabu kimoja kidogo.

Kitabu chenyewe ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Ni hadithi ya nchi iliyo angani. Humo Karama ameshitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Katika kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuifaa nchi. Kila mmoja alipata taabu nyingi safarini. Kila mmoja alirudi na maarifa mema. Na kila mmoja alitupwa gerezani.

Wengi hukisoma kitabu hiki kama lawama juu ya utawala wa kidhalimu, nao hawakosei, kwani kiliandikwa Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Walakini nataka ulitazame jambo jingine. Wajumbe wale sita hawakuwa watu wa ndoto. Walitumwa kutafuta faida, nao waliileta. Mbona basi haikuifaa nchi? Kwa sababu katika Kusadikika hapakuwa na mtu wa kuuliza: mtu huyu amefungwa kwa haki gani? Nchi haikupungukiwa na maarifa. Ilipungukiwa na sikio la kuyasikiliza na sheria ya kuyalinda.

Ndipo anapokuja Karama. Hakuleta dawa wala chombo cha kazi. Alileta habari za mambo yaliyopita, ujuzi wa sheria, na ulimi uliojua kupanga hoja. Hayo ndiyo masomo yanayoitwa ya anasa, nayo ndiyo yaliyowafungua wajumbe. Mambo ya namna hii hayako angani tu. Mhandisi ajua ni saruji kiasi gani itakayotosha bwawa. Lakini ni nani wahamishwe, walipwe nini, na waulizwe lini, hayo hayamo katika hesabu ya saruji. Yasipojibiwa vema, bwawa huwa neema kwa wengine na msiba kwa wengine.

Kitabu hiki hakikosi ila. Majina ya watu wake huwahukumu mapema: aitwaye Majivuno hawezi kuwa mnyenyekevu, na msomaji hapewi nafasi ya kumgundua mwenyewe. Tena ushindi wa Karama wategemea moyo wa mfalme aliyekubali kusikia. Ulimwenguni wako watetezi waliosema kweli kwa ufasaha na wasisikizwe. Mwandishi ametuonyesha nguvu ya neno, lakini hakutuonyesha vya kutosha mahali linaposhindwa.

Wala kitabu hakimjibu kwa ukamilifu yule mzazi aliyeuza ng'ombe. Jibu lake tunalipata katika maisha ya mwandishi. Shaaban Robert alianza kazi mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, akafanya kazi katika ofisi za serikali kwa miaka mingi huku akiandika. Alifariki mwaka 1962. Kazi ya ukarani ilimlisha yeye na jamaa yake, naye hakuidharau. Lakini hakuiacha imnyang'anye kalamu.

Basi, msomaji, chagua njia yako bila hofu. Ukichagua sayansi, usitupe historia na fasihi, usije ukawa mjumbe mwenye maarifa asiyejua kujitetea wala kuwatetea wenzake. Ukichagua fasihi au historia, jifunze pia kazi itakayokulisha, wala usiwacheke wenye mikono michafu kwa mafuta ya mitambo. Na atakapokuuliza mzazi masomo hayo yatakupa kazi gani, mjibu kwa heshima; kisha msomee habari za wajumbe sita, umwulize yeye ni nani aliyewafungua.