Fundi wa Kadi Zilizogoma

Mpiga picha wa harusi akifika kwa fundi na kadi iliyogoma, huja na maelezo marefu: ukumbi, keki, wazee wa pande mbili waliokaa meza ya mbele, na jinsi kamera ilivyoandika ghafla kwamba kadi haisomeki. Fundi mzuri humwacha amalize. Kisha humuuliza, "Ilipogoma, uliifanya nini?"

"Niliitoa nikairudisha, fundi."

"Kompyuta haikukwambia ufomati?"

"Iliniambia."

"Ukakubali?"

Kariakoo hakukosi mafundi wanaochomeka kadi kwenye kompyuta kabla mteja hajavuta kiti. Ninayemsifu mimi ni huyu anayeuliza kwanza, kwa sababu majibu ya maswali yake yana uzito kuliko programu yoyote aliyonayo. Ndani ya kadi kuna orodha yenye jina la kila picha na mahali inapoanzia, pamoja na jedwali linaloonyesha vipande vinavyofuata. Kadi za gigabaiti 4 hadi 32 kwa kawaida hutumia mpangilio wa FAT32, na zilizo kubwa zaidi exFAT. Ukifuta picha kwenye FAT32, herufi ya kwanza ya jina lake hubadilishwa kuwa alama ya kufutwa na nafasi yake kuandikwa kuwa iko wazi. Picha yenyewe haijaguswa. Mwenye nyumba akikata jina la mpangaji daftarini, mpangaji bado yumo chumbani mpaka aletwe mwingine. Kufomati kwa haraka nako mara nyingi hugusa daftari tu. Anayemtoa mpangaji ni picha mpya, na ndiyo maana yule aliyeendelea kupiga picha baada ya kadi kugoma humkunjisha fundi uso.

Kabla ya lolote, fundi anageuza kadi mwangani. Ubavuni mwa kadi ya SD kuna kiswichi kidogo cha plastiki. Anakisukuma upande ulioandikwa Lock ili kisoma kadi kisiandike kitu. Kiswichi hicho hakijaunganishwa na waya wowote; tundu linaloingiza kadi ndilo linalohisi kimekaa wapi. Kikilegea na kuteleza chenyewe, kamera itadai kadi imefungwa ingawa ni nzima kabisa. Tatizo likiwa hilo, fundi hubandika kipande cha selotepu, na mteja anaondoka akicheka. Mwingine angemuuzia kadi mpya.

Chini ya kadi ya kawaida ya SD kuna vibati 9 vya rangi ya dhahabu. Jasho la vidole na hewa ya chumvi ya pwani huvifunika utando usioonekana kirahisi, na kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo huutoa. Kisha anamulika tochi ndani ya kamera. Canon ikiandika Err 02, au Nikon ikimulika CHA, wengi hulaumu kadi moja kwa moja. Lakini kamera za zamani zinazotumia kadi za CompactFlash zina pini 50 nyembamba ndani ya tundu, na moja ikipinda, kadi nzuri itaonekana mbovu.

Ikithibitika kwamba ugonjwa uko ndani ya kadi yenyewe, ndipo subira inapoanza kuonekana. Fundi hafungui picha hata moja. Ananakili kadi nzima kwenye kompyuta, baiti kwa baiti, hata sehemu zinazodaiwa kuwa tupu. Programu kama ddrescue huchukua kwanza sehemu zinazosomeka bila taabu, huruka zile zinazokwama, kisha huzirudia mwishoni kidogo kidogo. Kadi inayokufa huenda isisomeke tena kesho; kuing'ang'aniza pale ilipokwama ni kuipotezea uhai uliobaki. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi, na kutwa nzima fundi anaonekana kama hafanyi kitu.

Kinachofuata hufanyika kwenye nakala. PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier, haiitegemei orodha iliyoharibika. Hupitia nakala yote ikitafuta alama zinazoanzisha faili. Kwa picha za JPEG, baiti mbili za mwanzo huwa FF D8. Picha zinazookolewa hivyo hupoteza majina, ila nyingi hubeba ndani yake saa zilizopigwa, hivyo sherehe inaweza kupangwa upya kuanzia saluni hadi ukumbini. Nyingine hutoka nusu: nyuso za maharusi juu, rangi ya kijivu chini, kwa kuwa vipande vyake vilitawanyika. Fundi wangu huzitenga na kumwonyesha mteja, wala hazihesabu miongoni mwa alizookoa. Uaminifu huo nao ni sehemu ya ufundi.

Kuna kadi anazozirudisha zilivyo. Kadi bandia huandikwa gigabaiti 128 ilhali uwezo wake halisi ni mdogo mno. Ikishajaa, kamera inaendelea kupiga bila kulalamika, na picha zinaandikwa juu ya nyingine au zinapotelea hewani. Kisichohifadhiwa hakiokolewi. Fundi humweleza mteja hivyo palepale, bila kumzungusha "njoo kesho," jambo ambalo, kusema kweli, si la kila kibanda.

Kwa hiyo kamera ikilalamika katikati ya shughuli, toa kadi, iweke mfukoni peke yake, uendelee na nyingine. Kompyuta ikikuuliza kama ufomati, kataa. Mpelekee fundi anayeuliza maswali, na akikutajia bei, usimwambie kwamba kazi yote imefanywa na kompyuta.