Fundi wa Kusawazisha Sakafu

Nyumba nyingi za Marekani na Canada zina chumba chini ya ardhi, na mara nyingi sakafu yake ya zege huinamia kwenye tundu la kutolea maji. Mbao mpya zikishatandikwa hapo, watu humsifu aliyezipanga. Mimi naona anayestahili kusifiwa kwanza ni fundi aliyeisawazisha sakafu, ingawa kazi yake yote imefunikwa.

Ushahidi uko kwenye maungio. Mbao nyingi za kisasa hushikana ulimi kwa mtaro, bila gundi wala misumari, na kwa kawaida watengenezaji hawataki sakafu ipotoke zaidi ya milimita 5 hivi katika mita 3. Penye bonde, ubao hubonyea kila unapokanyagwa, ulimi ukachoka, mwishowe ukakatika. Bonde hilo jicho halilioni. Fundi hupiga magoti, akalaza rula ndefu juu ya zege na kumulika tochi kutoka upande wa pili. Mwanga unapopenya chini ya rula, hapo huzungushia chaki ili apajaze saruji. Penye nundu husaga. Tena anajua kwamba sakafu yaweza kuwa imenyooka huku imeinama, na kwamba mbao zinadai unyoofu kuliko usawa wa pima maji. Ujuzi huo humwokolea mteja mifuko mingi ya saruji.

Wapo wasemao kwamba siku hizi kuna saruji inayojisawazisha yenyewe: imwage, basi. Lakini hutiririka kwa dakika chache tu kabla ya kuanza kuganda, na juu ya vumbi au rangi ya zamani haishiki, hubanduka vipande vipande. Wala haigundui unyevu. Fundi ndiye anayebandika karatasi ya nailoni kwenye zege na kuiacha usiku kucha; akikuta jasho chini yake, husimamisha kazi mpaka chanzo kijulikane.

Pingamizi nzito zaidi ni kwamba mwinamo uliwekwa makusudi. Ni kweli: mashine ya kufulia ikifurika, maji hufuata mwinamo huo hadi kwenye tundu, na kuufukia bila kufikiri ni kuharibu nyumba. Fundi hodari huuliza kwanza kama tundu bado linatumika, akauacha mwinamo penye mashine, akasawazisha panapokaliwa tu.

Kwa hiyo, mwenye nyumba, ukimkuta fundi wako amemaliza asubuhi nzima akipima bila kumwaga hata ndoo moja, usimpunguzie ujira. Mlipe na asubuhi hiyo.