Mnyonyore: lebo imesema nini, imenyamazia nini?

Hebu ingia GBIF, ile kanzidata ya bure inayokusanya kumbukumbu za viumbe kutoka dunia nzima, utafute Caesalpinia pulcherrima. Ndiyo, ni mnyonyore, ule wa maua mekundu yenye kingo za njano unaopandwa kwenye nyua zetu. Kwao ni Amerika ya joto, na Barbados ndiyo ua lao la taifa.

Kila sampuli ni tawi lililokaushwa, likabandikwa kwenye karatasi na kuwekewa lebo: jina, mahali, tarehe, mkusanyaji. Ni hazina, sibishi. Lakini nina malalamiko mawili.

La kwanza: lebo nyingi za zamani hazisemi kama mmea uliota wenyewe au ulipandwa. Kwa mnyonyore hilo ni pigo, maana ulipandwa bustanini mapema mno kiasi kwamba hadi leo asili yake kamili ina utata. Nukta moja kwenye ramani ya Jamaika inaweza kuwa kichaka cha porini, au uzio wa shamba la miwa. Ukizimwaga nukta zote kwenye modeli bila kuzichuja, utachora ramani ya bustani za watu, kisha uiite makazi asilia.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 1705, Maria Sibylla Merian aliandika katika kitabu chake kuhusu wadudu wa Suriname kwamba wanawake watumwa, wenyeji na Waafrika, walitumia mbegu za mmea huu kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Walimweleza wenyewe. Hans Sloane, aliyekaa Jamaika kati ya 1687 na 1689 na kurudi London na sampuli za mimea kama 800, naye aliandika kwamba mmea huu unatoa mimba. Yaani maarifa yalikuwepo. Ila kwenye kumbukumbu, nafasi ya mkusanyaji kwa kawaida ina jina la aliyebeba sampuli. Waliomfundisha mtu matumizi yake hawaonekani popote.

Utasema lebo ni ndogo, haiwezi kubeba historia. Sawa, karatasi ni ndogo. Kanzidata je? Darwin Core, kiwango kinachotumika kupanga data hizi, tayari kina sehemu ya kueleza mmea ulifikaje pale, ya maelezo ya ziada, na ya kuunganisha maandishi yanayohusika. Zinaachwa tupu tu.

Kwa hiyo ukipakua data kwa ajili ya tasnifu yako, kabla ya kuchora chochote angalia safu zilizo tupu. Nazo ni data.