Projekta, Hadubini na Maji ya Kivu

Ukitaja chipu mbele ya watu, mawazo yao hukimbilia Taiwan na mitambo ya mabilioni ya dola. Ndiyo maana kuchora vitu vya ukubwa wa mikromita huonekana si kazi ya mji kama Rubavu, ulio ufuoni mwa Ziwa Kivu nchini Rwanda. Nalikataa hitimisho hilo. Kwa anayetengeneza vitu vichache vya majaribio, kikwazo kikubwa ni kiolezo. Katika fotolitografia, bamba la kioo au silikoni hupakwa utando wa fotoresisti, unaobadilika ukipigwa na mwanga. Mwanga hupitia kwenye kiolezo chenye mchoro wa kromu, kisha sehemu zilizomulikwa huoshwa kwa dawa, mchoro ukabaki. Ukigundua kuwa mstari mmoja umekaa vibaya, unaagiza kiolezo kipya, unalipa upya na kungoja upya. Njia ya kuchapa kwa projekta inakiondoa kiolezo hicho kabisa: mchoro unabaki faili kwenye kompyuta, na kuusahihisha ni kazi ya dakika chache.

Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa Texas Instruments alibuni chipu yenye vioo vidogo vinavyoinamishwa kimoja kimoja kwa umeme. Vioo hivyo vimo ndani ya projekta nyingi tunazotazamia mpira. Projekta hukuza picha. Anayetaka kuchapa vitu vidogo huigeuza kazi hiyo, akaipitisha picha kwenye lenzi ya hadubini ili isinyae. Chukua chipu ya vioo 1920 kwa 1080, kila kioo kikiwa na upana wa karibu mikromita 7.6. Ukipunguza mara 10, kila kioo huacha doa la mikromita 0.76, ingawa mwanga wa buluu wa nanomita 450 kupitia lenzi ya kawaida ya mara 10 hautenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya mikromita 1.1 hivi. Mstari wa mikromita 5 basi ni lengo la busara. Kinachonivutia zaidi ni rangi. Fotoresisti nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya taa za zebaki, ambazo hung'aa sana kwenye nanomita 436, kwa hiyo buluu bado inaziathiri, japo kwa unyonge, lakini nyekundu haizigusi. Unatupa picha nyekundu kwenye bamba, unarekebisha lenzi bila haraka mpaka kingo za mchoro zikae wazi, unailinganisha picha na tabaka lililotangulia, ndipo unawasha buluu. Projekta ileile inapimia na kuchapia.

Kwamba njia hii inafanya kazi, Sam Zeloof wa New Jersey amethibitisha. Akiwa katika gereji ya wazazi wake, na projekta aliyoirekebisha na kuiunganisha na hadubini, alikamilisha mwaka 2018 chipu ya transista 6, na mwaka 2021 nyingine ya transista 100, kwa kipimo cha mikromita 10. Hicho ndicho kipimo cha Intel 4004 ya mwaka 1971. Mpinzani atasema hapo tumejivunia kuwa nyuma kwa miaka 50. Kwa prosesa, ni kweli, na sioni sababu ya kubishana. Atasema pia kwamba eneo linalochapwa kwa mara moja, milimita 1.45 kwa 0.82, ni dogo, na kuunga vipande huleta makosa kwenye maungio. Hilo nalo ni kweli, na kwa kiwanda lingetosha kuifuta njia hii. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Nyeri, nchini Kenya, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kuna kiwanda cha chipu cha Semiconductor Technologies Limited, basi michoro ipelekwe huko. Ipelekwe, ikishakamilika. Kiwanda kinafaa kurudia kitu kimoja mara nyingi. Anayetafuta umbo sahihi anahitaji kukosea mara tano ndani ya juma moja.

Na Rubavu ina cha kutafutia. Ziwa Kivu limeyeyusha takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, zikipimwa kwa shinikizo la kawaida la hewa. Wanaolifuatilia hushusha vyombo vya kupima joto, kina na upitishaji umeme wa maji, hasa kuzunguka tabaka la karibu mita 260 linalozuia gesi ya chini isipande. Kihisi cha upitishaji umeme ni jozi ya elektrodi kwenye kioo. Kwa elektrodi hizo, mistari ya mikromita 20 inatosha kabisa. Sipendekezi kuviacha vyombo vinavyoaminika. Napendekeza vihisi vingi vya bei nafuu vikae majini muda mrefu na kusahihishwa kwa vyombo hivyo kila vinaposhushwa.

Ugumu uko kwingine. Maji ya kina yana salfidi ya hidrojeni inayokula fedha na shaba, na kwenye mita 350 shinikizo hupita mara 30 ya lile la hewa juu ya ziwa. Elektrodi zitahitaji dhahabu au platini, nayo hupakwa nyembamba ndani ya chombo cha ombwe, ambacho projekta haiwezi kuchukua nafasi yake. Chuo kitakachotaka kuanza kitenge fedha ya chombo hicho kwanza. Projekta iliyotumika itapatikana sokoni.